Majina ya Nafasi katika Dansi ya Kontra

Kila mchezo unaochezwa na watu wengi kwa pamoja una msamiati wake, na kila neno katika msamiati huo lina kazi. Neno likishindwa kazi yake, wachezaji hugongana. Ndiyo sababu lugha ya michezo yafaa kuchunguzwa na wanafunzi wa lugha: humo neno hupimwa papo hapo kwa miguu ya wasikiao, wala halingoji hukumu ya mtunga kamusi.

Mfano mmoja mzuri wapatikana Marekani, katika dansi ya kontra. Tangu miaka ya 1980, na hasa tangu muongo wa 2010, wachezaji wa dansi hiyo wamekuwa na mjadala mrefu juu ya maneno mawili tu, yaani maneno ambayo kwayo kiongozi wa mchezo huwataja washirika wawili wa kila jozi. Kwa muda wa karne kadhaa maneno hayo yalimaanisha mwanamume na mwanamke. Sasa katika kumbi nyingi yameondolewa, na mahali pake yamewekwa majina yasiyotaja jinsia. Mjadala huo huweza kudhaniwa kuwa ni wa siasa na adabu peke yake. Ukichunguzwa kwa karibu huonekana kuwa ni mjadala wa lugha pia: jina la nafasi lapasa kuwa na sifa gani ili litimize kazi yake? Jibu la swali hilo lina faida hata kwa wanaoshughulika na Kiswahili, lugha ambayo ngeli zake hazitengi mume na mke, lakini ambayo, kama itakavyoonekana, haikosi jinsia iliyojificha mahali pasipotazamiwa.

Asili na umbo la mchezo

Dansi ya kontra ni mchezo wa jozi. Wachezaji hujipanga katika safu mbili ndefu zinazotazamana, kuanzia karibu na wapiga muziki mpaka mwisho wa ukumbi, na jozi mbili zilizo karibu hufanya kundi la watu wanne. Wanne hao hutenda matendo yote ya mchezo mara moja, katika mapigo 64 ya muziki. Kisha kila jozi husogea nafasi moja, juu au chini ya safu, ikakutana na jozi nyingine, na matendo yale yale huanza upya. Kwa mwendo wa kawaida mzunguko mmoja huchukua nusu dakika na kidogo, hata katika dakika 10 mchezaji huweza kukutana na jozi 18 hivi.

Asili ya mchezo ni Uingereza. Mwaka 1651 John Playford, mchapishaji wa London, alitoa kitabu kiitwacho The English Dancing Master, ambacho kilikusanya dansi za nchi yake pamoja na sauti za muziki wake. Katika michoro ya kitabu hicho wanaume na wanawake walionyeshwa kwa alama mbili, moja ya mwezi mwandamo na nyingine ya duara, zilizopangwa safu kwa safu. Wafaransa waliuchukua mchezo huo wakauita contredanse, na jina la kontra latokana na matamshi hayo ya Kifaransa. Ulivuka bahari ukafika Amerika ya Kaskazini, na katika majimbo ya New England, kama vile New Hampshire na Vermont, uliendelea kuchezwa hata baada ya kusahauliwa mahali pengi. Katika karne ya 20 walitokea watu walioupa nguvu mpya. Mmojawapo ni Ralph Page (1903–1985) wa New Hampshire, aliyeongoza dansi kwa miaka mingi na kutoa gazeti la Northern Junket tangu mwaka 1949 mpaka 1984.

Zamani, mpango uliopendwa ni ule wa wanaume wote kusimama safu moja na wanawake wote safu ya pili. Kwa Kiingereza mpango huo huitwa proper, yaani wa sawasawa. Jozi ya kwanza ya kila kundi ikibadilishana mahali, hata kila safu ikawa na wanaume na wanawake kwa kupokezana, mpango huitwa improper, yaani usio wa sawasawa. Majina hayo mawili yamebaki, ingawa hali imegeuka: leo mpango usio wa sawasawa ndio wa kawaida. Tena watunzi wa nusu ya pili ya karne ya 20, kama Ted Sannella, walizidi kutunga dansi ambazo ndani yake watu wote wanne hushughulika wakati wote, na kila mtu huzungushana na mwenzi wake na jirani yake pia.

Mabadiliko hayo yalikuwa na athari katika lugha. Wakati wa safu ya wanaume na safu ya wanawake, mahali pa mtu palitosha kuonyesha nafasi yake. Katika mpango wa leo upande wa ukumbi hauonyeshi neno. Tofauti ya washirika wawili yabaki katika jambo moja dogo: wakimaliza kuzungushana husimama bega kwa bega, wakitazama ndani ya kundi, na mmoja hukaa kushoto, mwingine kulia. Kwa desturi mwanamume ndiye aliyekuwa kushoto, na mwanamke kulia. Kuna, kwa mfano, tendo liitwalo mnyororo, ambalo ndani yake wale wawili wa kulia huvuka kwa kupeana mikono ya kulia, na wale wawili wa kushoto huwapokea na kuwageuza. Jozi moja ikisimama kinyume, mvukaji mmoja hukosa mwenzi wa kupeana naye mkono, na mpokeaji mmoja hana wa kumpokea. Basi nafasi katika kontra kwa kweli ni ya kushoto au ya kulia. Ume na uke ni vazi lililovishwa nafasi hizo kwa desturi.

Kazi ya mnadi

Anayeongoza mchezo husimama karibu na wapiga muziki, akatangaza kila tendo kabla halijaanza. Kazi yake yafanana na ile ya mnadi, mtu atangazaye jambo kwa sauti ili watu walitende, na katika makala haya ataitwa kwa jina hilo. Kabla ya muziki kuanza mnadi huwapitisha wachezaji katika matendo yote polepole. Muziki ukianza hutangaza kwa mizunguko kadhaa, kisha hupunguza maneno kidogo kidogo mpaka akanyamaza, maana miili imekwisha kukariri.

Muziki hupigwa kwa kadiri ya mapigo 120 kwa dakika. Tendo la kawaida lina mapigo 8, yaani sekunde 4. Tangazo lapasa kumalizika kabla ya pigo la kwanza la tendo, nalo hutiwa katika mapigo machache ya mwisho wa tendo lililotangulia, aghalabu mapigo 2 hadi 4. Basi mnadi ana sekunde moja au mbili za kusema ni nani watakaotenda, watende nini, na kwa mkono gani. Ukumbini kuna fidla, kinanda, vishindo vya miguu na vicheko. Neno refu humpotezea wakati, na neno linalofanana na jingine huwapoteza wachezaji.

Kutokana na hali hiyo, jina la nafasi hupimwa kwa mizani mitano. Kwanza, liwe fupi. Pili, lisichanganyike na mwenzake masikioni. Tatu, lisigongane na maneno mengine ya mnadi, kama yale ya mikono, ya jozi na ya sehemu za muziki. Nne, limkumbushe mchezaji mahali pake. Tano, lisibebe mzigo wa maana nyingine utakaomwudhi au kumfukuza mtu. Mjadala wote juu ya majina haya waweza kuelezwa kwa mizani hiyo.

Majina ya kale

Majina yaliyozoeleka zaidi ni gents na ladies. La kwanza ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya waungwana wanaume. La pili ni mabibi waungwana. Yote mawili yalianza kama majina ya daraja kabla ya kuwa majina ya jinsia. Lady, katika Kiingereza cha kale, lilikuwa neno la sehemu mbili lenye maana ya mkanda mkate, na lilitumika kwa mwanamke mwenye nyumba. Hivyo neno lilitoka katika kazi, likaingia katika cheo, likaishia katika jinsia.

Kwa mizani ya sauti majina hayo ni mazuri. Gents ni silabi moja na ladies ni silabi mbili, hata asikiaye vibaya hutambua tofauti kwa urefu peke yake. Men na women, ambayo ni maneno ya kawaida ya wanaume na wanawake, hayakufaa vivyo hivyo, kwa kuwa la kwanza lasikika ndani ya la pili: silabi ya mwanzo ikimezwa na fidla, wanawake huitwa kwa jina la wanaume. Wanadi wengine walijaribu kuchanganya, wakasema men na ladies, wakapata tofauti ya sauti lakini wakapoteza ulinganifu. Maana waliwaita wa upande mmoja kwa jina la kawaida, na wa upande wa pili kwa jina la heshima. Ni dhahiri basi ya kuwa, hata kabla swali la jinsia halijaulizwa, majina haya yalikwisha kuchaguliwa na kukataliwa kwa sababu za masikio.

Jina la jinsia lina sifa moja kubwa isiyopasa kudharauliwa. Mgeni aliyeingia ukumbini kwa mara ya kwanza halazimiki kujifunza kama yeye ni gent au lady; ameingia nalo. Lakini sifa hiyo yadumu kwa sharti moja, yaani kila mwanamume acheze kushoto na kila mwanamke acheze kulia. Sharti likivunjika, sifa hugeuka kuwa kikwazo. Wanawake wawili wakicheza pamoja, mmoja wao hana budi kukumbuka kila mara kwamba wito wa waungwana wanaume ni wake. Jirani anayekuja mbele yake hutazama umbo lake badala ya mahali pake, akampa mkono usio wake. Katika kundi la wanne kosa la mmoja ni kosa la wote.

Na sharti hilo limevunjika kwa njia nyingi. Katika dansi nyingine wanawake ni wengi kuliko wanaume. Wachezaji stadi hupenda kujua nafasi zote mbili. Wako wapenzi wa jinsia moja wanaotaka kucheza na wenzi wao, na wako watu ambao jina la mume au la mke halikubaliani na vile wanavyojitambua. Kwa hao wa mwisho tangazo la mnadi lilikuwa zaidi ya kosa la hatua. Kila sekunde chache liliwaambia kwamba mchezo haukuwatazamia.

Majina yaliyojaribiwa

Majaribio ya mapema yalifanyika pembeni mwa kundi kubwa. Katika jimbo la Oregon, Carl Wittman (1943–1986) alifundisha dansi za Kiingereza pasipo kuwagawa wachezaji kwa ume na uke. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika sehemu za Boston na Rhode Island, vilianzishwa vikundi vya kontra vya wapenzi wa jinsia moja, na kutokana navyo kikakua chama cha Lavender Country and Folk Dancers. Katika dansi hizo mshirika mmoja wa kila jozi alifunga kitambaa mkononi, na mwenzake alikaa mkono mtupu. Mnadi aliwaita wenye vitambaa bands, na wenye mikono mitupu bares. Njia hiyo ilikuwa na wema wake: jirani ajaye aliona kwa macho nafasi ya mtu bila kuuliza. Lakini majina yenyewe yote ni ya silabi moja na yote huanza kwa sauti ile ile ya b, na mchezaji aliyetaka kubadili nafasi katikati ya mchezo ilimpasa afungue kitambaa.

Njia ya pili ni kuacha majina kabisa na kutaja mahali tu, kwa mfano kusema kwamba walio kulia wavuke. Mbele ya mantiki njia hii haina doa, maana yasema kile kilichopo. Katika dansi za Kiingereza, ambazo mwendo wake mara nyingi ni wa utulivu zaidi, imepata wafuasi wengi. Katika kontra hupata taabu mbili: hutaka maneno mengi mahali penye sekunde moja, tena hutumia maneno ya kushoto na kulia, ambayo mnadi amekwisha kuyatumia kwa mikono. Kuwaambia wa kushoto wazunguke kwa mkono wa kushoto ni sahihi, lakini mara mbili ya neno moja katika pumzi moja humwacha msikiaji akijiuliza ni lipi la mtu na lipi la mkono.

Taabu ya kugongana iliyaangusha majina mengine pia. Namba 1 na 2 zimekwisha kuwa majina ya jozi ya kwanza na ya pili. Herufi A na B zimekwisha kuwa majina ya sehemu mbili za muziki. Maneno ya kiongozi na mfuasi, yaliyozoeleka katika dansi nyingine za watu wawili, yalipendekezwa na kupingwa kwa sababu ya maana: katika kontra anayeongoza ni mnadi, na washirika wote wawili hutenda kwa sawa. Jina la mfuasi lingerudisha kwa mlango wa nyuma daraja ile iliyotolewa kwa mlango wa mbele.

Katika muongo wa 2010 yalitokea majina ya vitu visivyohusiana na mchezo. Kulikuwa na jets na rubies, aina mbili za mawe ya mapambo, moja jeusi na moja jekundu. Ufundi wake ni wa sauti: jets lafanana na gents, na rubies lina silabi mbili kama ladies, hata mnadi aliyezoea maneno ya kale hakubadili mizani ya ulimi wake. Lakini mfanano huo ulikuwa pia lawama yake, kwa kuwa sikio lililozoea huweza kusikia jina la kale ndani ya jipya, na mawe hayo hayamwambii mtu asimame wapi.

Katika muongo huo huo walikuja ndege. Larks ni ndege wadogo wasifiwao kwa uimbaji. Ravens ni kunguru wakubwa weusi. Herufi ya kwanza ya jina la kwanza ndiyo herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya kushoto, na herufi ya kwanza ya jina la pili ndiyo ya neno la kulia. Mwenye kusahau jina hukumbushwa na mahali, na mwenye kusahau mahali hukumbushwa na jina. Silabi ni moja na mbili, kama zilivyokuwa katika gents na ladies. Isitoshe, vokali yenye mkazo katika ravens ni ile ile ya ladies, nayo yatofautiana vizuri na ile ya larks.

Hata hivyo jina la ravens halikudumu kila mahali. Wengine walisema kwamba kunguru huyo ana heshima kubwa katika hadithi na ibada za wenyeji wa asili wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, wala haifai kumfanya jina la mchezo. Wengine walimwona ndege wa kiza na mizoga. Kufikia mwaka 2020 vikundi vingi vilikuwa vikimbadilisha kwa robins, ndege mwenye kifua chekundu ajulikanaye na kila mtoto wa Marekani. Mwaka huo dansi zilisimama kwa sababu ya maradhi ya Uviko, na vikundi kadha wa kadha vilipofungua tena kumbi zao vilianza upya kwa larks na robins. Mwanafunzi wa sauti atatambua kwamba badiliko hilo lilikuwa na gharama: katika matamshi ya Wamarekani wengi vokali ya mkazo ya robins yakaribiana na ile ya larks, kuliko ilivyokuwa ya ravens. Wachezaji walikubali hasara ndogo katika mizani ya pili ili wapate faida katika mizani ya tano.

Hoja za wapinzani

Si kila mtu aliyeridhika, na hoja za wapinzani zastahili kusikilizwa. Wako wasemao kwamba maneno ya kale ni sehemu ya urithi, kama muziki wenyewe ulivyo urithi. Wako wasemao kwamba majina ya ndege huwachekesha wageni, na kwamba mzee aliyecheza miaka 40 akiitwa gent hujiona amenyang'anywa jina. Wako pia wanaofurahia mchezo kwa sababu ya kukutana kwa mwanamume na mwanamke, nao huona kwamba kuficha jambo hilo ni kuuondolea mchezo ladha yake. Katika kumbi nyingine majina ya kale yangali yakitumika, na wanadi wengi wamejifunza kutumia haya na yale kwa kadiri ya mahali walipoalikwa.

Hoja ya urithi ina nguvu, lakini historia ya mchezo huipunguza. Dansi iliyotoka Uingereza ikapewa jina la Kifaransa na kukua Amerika haikuwahi kukaa mahali pamoja. Mpango wa safu ulibadilika, nao ulibadilika zaidi kuliko majina. Majina ya matendo nayo yamebadilishwa: tendo moja ambalo watu wawili huzungukana wakitazamana machoni liliitwa kwa jina ambalo watu wa kabila la Waroma hulihesabu kuwa la dharau, na katika vikundi vingi sasa laitwa kwa kutaja bega la kulia. Hoja ya wageni kucheka huishia haraka, kwani mgeni huyo huyo husikia usiku ule maneno mengine mengi asiyoyajua, na hujifunza yote kwa pamoja. Hoja iliyo ngumu zaidi ni ile ya kumbukumbu. Mtu hujua jinsia yake hata amechoka, ilhali jina la ndege lapasa kubebwa kichwani mchezo mzima. Huo ni mzigo wa kweli. Faida yake ni kwamba wachezaji wote huubeba sawasawa, ilhali zamani ulibebwa na wachache waliocheza nje ya desturi.

Kwa mizani ya Kiswahili

Msemaji wa Kiswahili huweza kudhani kwamba taabu hii ni ya Waingereza na lugha yao, iliyo na kiwakilishi kimoja cha mwanamume na kingine cha mwanamke. Kiswahili husema yeye kwa wote. Majina ya mafundi wa ngoma hayaulizi jinsia: manju ni mwongozi wa nyimbo, sogora ni fundi wa kupiga ngoma, na kila mmoja huitwa kwa kazi yake. Mchezaji ni mchezaji.

Lakini jaribio dogo laonyesha mengine. Tangazo la mahali lingetaka wa kushoto na wa kulia. Yote mawili yana silabi nne, na silabi mbili za kwanza ni zile zile. Tofauti huja mwishoni, wakati pigo limekwisha kufika. Upatanisho wa ngeli ya M-WA, ambao ni sifa ya lugha, hapa ni kikwazo, maana majina mengi ya makundi ya watu huanza kwa wa. Herufi nazo hazisaidii, kwa kuwa kushoto na kulia yote huanza kwa k. Hata ile hila ya l na r ingewashinda wasemaji wengi wa Afrika ya Mashariki ambao lugha zao za kwanza hazitengi sauti hizo mbili.

Majina ya ndege yangefaa zaidi. Mengi hayana kiambishi kinachosikika mwanzoni, ni mafupi, na hata hivyo huchukua upatanisho wa viumbe, hata mnadi angeweza kuamuru njiwa wavuke na kunguru wapokee kwa sarufi iliyo sawa. Njiwa ina silabi mbili, kunguru tatu. Lakini hapo mizani ya tano huingia mara moja. Kila Mswahili ajua ya kuwa kunguru hafugiki, na atakayepewa jina hilo atachekwa kwa methali kabla hajanyanyua mguu. Akichaguliwa chiriku badala yake, atakumbuka kwamba jina hilo hupewa mtu mwenye maneno mengi. Shida iliyowapata Wamarekani kwa ravens ingewapata Waswahili kwa njia yao wenyewe.

Lililo kubwa zaidi limo katika maneno ya pande zenyewe. Kiswahili kina jina jingine la kulia, nalo ni kuume. Na mkono wa kushoto huitwa pia mkono wa kuke au wa kike. Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952 yatumia mkono wa kuume mahali pengi. Basi lugha isiyotenga mume na mke katika ngeli zake imewatenga katika mikono, na imemweka mume kulia. Dansi ya kontra ilimweka kushoto. Mfasiri ambaye angeandika kwamba wanawake husimama upande wa kuume angekuwa ametafsiri sahihi, na msomaji wake angeona neno likipingana na lenyewe.

Katika matumizi ya kila siku kuume kumempisha kulia. Neno kulia lataja kazi ya mkono ule, mkono wa kulia chakula, wala halitaji mwenye mkono. Badiliko hilo halikuamriwa na kamati wala kupigiwa kura ukumbini. Wasemaji walikuwa na majina mawili ya mahali pamoja, moja la jinsia na moja la kazi, na ndimi zao zikazidi kulichagua la kazi.